Anayekaza Ni wa Chini

Gauni liliharibiwa na tone moja tu la maji.

Lilikuwa gauni jeupe la bibi harusi, limetundikwa karibu na cherehani, limebakiza vifungo vitatu likabidhiwe. Usiku kulipita manyunyu, si mvua ya kumwamsha mtu. Asubuhi Fundi alipowasha taa akaona doa la kutu begani, ukubwa wa punje ya harage, limeshajichora mkia kuelekea kifuani. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaliangalia vile mtu anavyoiangalia barua ambayo alijua siku moja ingefika.

"Mzee," aliita. "Shuka uone."

Mumewe alikuwa juu, kwenye sitaha ya boti yao ya matanga, anakunywa chai. Pale gatini walimwita Kapteni, ingawa boti ile hakuwahi kuipeleka mbali zaidi ya mdomo wa bandari. Alikuwa amestaafu karakana ya mabasi, miaka thelathini na moja ya kutengeneza breki, na kwa kiinua mgongo chake akanunua boti kuukuu iliyokuwa imefungwa hapo kwa muda mrefu. Wakaiacha nyumba ya kupanga, wakahamia majini. Watoto wao wawili walikuwa mbali, kila mmoja na mji wake.

Alichungulia mlangoni, kikombe mkononi.

"Litatoka kwa limau," alisema.

"Kutu haitoki kwa limau kwenye hariri."

"Basi weka chumvi kidogo."

Fundi aligeuka akamtazama. "Ile nguzo nilikwambia lini?"

"Nguzo ipi?"

"Nguzo ipi!" Alicheka, kicheko kikavu. "Nguzo iliyoko juu ya kichwa changu, Kapteni."

Nyumbani hakumwita Kapteni ila akiwa amekasirika. Mumewe alijua. Nguzo zile za chuma zilishika reli inayozunguka boti, na kila moja ilifungwa kwa boliti nne zilizopenya sitaha mpaka chini, juu ya vitanda. Zilianza kuvuja zamani. Kila msimu alikuwa akichukua tyubu ya gundi, anapaka pembeni kwa kidole, anasema tayari. Na kweli, kwa mwezi mmoja ilikuwa tayari.

Fundi alilikunja gauni, akaenda kwa wenyewe. Alirudi alasiri mikono mitupu.

"Wamesemaje?" Kapteni aliuliza.

"Nimewarudishia hela yao na ya kitambaa. Hilo si neno." Alivua viatu, akavipanga taratibu kama yuko nyumbani kwa watu. "Mama wa bibi harusi alilinusa. Alilileta puani mbele ya watu watano, akasema lina uvundo. Miaka ishirini na minane nashona. Hajatokea mtu akanusa nguo yangu."

Mkewe alianza kuviringisha cherehani ndani ya blanketi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikauke."

Kapteni aliibeba mwenyewe cherehani hadi barabarani, maana ilikuwa nzito na mkewe alikuwa na mabegi mawili. Teksi ilipokuja akainama dirishani.

"Wiki hii nitaziba. Nakwambia kweli."

"Sawa," alisema Fundi, kwa sauti ile ile anayoitumia mtu kumjibu mtoto aliyeapa kwamba hatarudia.

Wiki hiyo hakuziba.

Si kwamba hakutaka. Kila asubuhi alipanda sitahani na bisibisi, akaitazama nguzo ya tatu, ile ile ya ugomvi, akaona kwanza afagie. Akishafagia akaona kamba zimekaa vibaya. Jua likishakuwa kali akashuka kupika. Alipika kwa kipimo cha watu wawili, akala mara mbili, mchana na jioni, chakula kile kile. Upande wa pili wa meza, pale cherehani ilipokuwa ikikaa, palibaki alama nne za miguu yake kwenye vanishi, na hakuweka kitu hapo.

Watu wa gatini walimuuliza. Aliwaambia mdogo wake Fundi anaumwa, amekwenda kumuuguza.

"Anaumwa nini?" alitaka kujua jirani wa boti ya pili, mpaka rangi.

"Mgongo."

"Mgongo mbaya. Mpe pole."

"Zimefika."

Siku ya kumi ndipo alipoamua kulala kitandani kwa mkewe. Vitanda vya boti ni vyembamba, kila mtu na upande wake, na upande wa mkewe ulikuwa karibu na tundu la hewa. Alijilaza chali. Juu yake palikuwa na ubao mwembamba wa dari. Aliona skrubu za ubao ule zinang'aa vichwani, kama zinafunguliwa kila mara. Akaenda kuchukua bisibisi.

Nyuma ya ubao, chini ya kila boliti iliyovuja, palikuwa na kikopo. Vikopo vya maziwa, vimekatwa vizuri, vimening'inizwa kwa uzi wa cherehani uliosokotwa mara nne. Na kutoka kwenye kila nati ulishuka utambi wa kitambaa, umeshonwa pindo kabisa, kuongoza maji yateremke polepole mpaka ndani ya kopo. Alichukua muda kuelewa kazi ya tambi zile. Tone likidondoka ndani ya kopo la bati hupiga kelele. Likishuka kwa kitambaa halisikiki.

Aliinuka akafungua dari upande wake wa kulala. Huko nako kulikuwa na vikopo. Alivihesabu vyote: kumi na kimoja. Kimoja utambi wake ulikuwa umeoza na kukatika, maji yakadondokea kando ya kopo: kile cha juu ya mahali gauni lilipotundikwa.

Miaka yote alikuwa akijisifu gatini kwamba boti yake kuukuu lakini ukilala ndani husikii hata tone.

Duka la vifaa vya boti lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya nailoni. Kapteni alimfahamu kwa salamu tu.

"Nipe gundi ya kuzuia maji. Tyubu mbili."

"Ya kupaka juu, au unafungua?"

"Kuna tofauti?"

"Kwangu ipo. Wanaopaka juu hurudi kila mwaka. Nawapenda sana, wamenisomeshea watoto."

Kapteni alihisi masikio yanapata moto. "Nafungua," alisema. "Zote."

Yule mama akavaa miwani, akamtazama upya. Alimuuliza boti ina umri gani, sitaha yake ni ya faiba juu na chini na mbao katikati? Kapteni akasema ndiyo. Basi, akasema mama, usishangae utakachokikuta. Ukishang'oa, toboa tundu kubwa kuliko la zamani, chimba mbao yote iliyooza, acha pakauke kabisa, kisha jaza gundi ngumu ile ya kuchanganya chupa mbili. Ikiganda, toboa tena katikati yake. Hapo hata maji yakipita siku moja, hayatakuta mbao ya kula.

"Na kukaza unakazaje?" aliuliza.

Mtu aliyekaza boliti kwa miaka thelathini na moja kuulizwa hivyo ni kama mpishi kuulizwa anachemshaje maji. "Bisibisi juu," alisema, "na mtu chini na spana, ameshika nati."

"Nani anazungusha?"

"Wa juu. Mimi."

"Ndiyo maana inavuja." Mama alichukua boliti mezani, akaipaka gundi shingoni, akaipenyeza kwenye kipande cha ubao, akaizungusha mara moja. Gundi ilikatika duara zima, kama ganda la chungwa. "Umeona? Ukizungusha boliti unaivunja gundi kabla haijashika. Wa juu kazi yake ni kutulia. Anayekaza ni wa chini. Tena msimalize siku hiyo hiyo. Kazeni kidogo, iacheni siku tatu, ndipo mkaze ya mwisho."

Kapteni alilipa akatoka. Njiani alikumbuka siku moja, mwaka wa pili wa boti, Fundi akiwa chini na spana. Alihisi nati inageuka, akapaza sauti: "Shika tu! Nani kakwambia uzungushe?" Na Fundi akajibu kutoka chini, "Mbona huku inaingia vizuri zaidi?" Akamwambia kazi ya spana aachiwe mwenye kazi yake. Tangu siku hiyo alishika tu.

Kazi ya kufungua ilimchukua wiki tatu. Hiyo aliiweza peke yake. Nguzo nane, vishikio vinne vya kamba, winchi mbili za kuvutia kamba za matanga. Nati zilikuwa zimegandamana kwa kutu, nyingine akazikata kwa msumeno wa chuma, mwili wote umepinda ndani ya kabati jembamba la kando ya vitanda, chini ya sitaha, taa mdomoni. Alipotoboa sitaha chini ya nguzo ya tatu, keekee ilitoa uchafu mweusi, umelowa, kama majani ya chai yaliyochujwa. Aliendelea kuchimba kwa msumari aliokunja ncha. Uchafu ukaendelea kutoka. Mbao iliyooza ilienea upana wa sahani.

Alitamani kumwonyesha mtu. Ni jambo la ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa: hakutamani kusaidiwa bali kuonyesha tu, mtu aseme "Lo!" Aliuweka uchafu ule kwenye kopo la maziwa, akalifunika, halafu akajiona mjinga, akaumwaga.

Alielekeza feni kwenye matundu siku nne mchana kutwa. Alichanganya chupa mbili, akajaza, akapiga msasa, akatoboa upya. Matundu sasa yalikuwa safi, kingo zake ngumu kama mfupa. Yakabaki kurudisha vyuma.

Hapo ndipo alipokwama. Aliweka nguzo, akapaka gundi, akapenyeza boliti. Akashuka ngazi, akazunguka meza, akaingia kabatini, akaweka washa na nati, akazungusha. Boliti nayo ikazunguka pamoja na nati. Akapanda, akaibana kichwa kwa koleo la kujifunga, akashuka. Koleo likateleza. Akapanda. Boliti moja ilimla mara tisa kupanda na kushuka, na gundi ilikuwa tayari imechafua sitaha, mikono na kitasa cha mlango. Goti la kushoto lilianza kulia kama bawaba. Zilibaki boliti hamsini na tano.

Alikwenda kwa mpaka rangi.

"Nisaidie dakika kumi tu, ndugu yangu. Uzungushe nati, mimi niko juu."

Mpaka rangi alikuja, mtu mwema, ila mkubwa wa kiwiliwili. Aliingia kabatini nusu, mabega yakakataa. Alijaribu kwa mkono mmoja bila kuona, spana ikamwangukia usoni. Akatoka akijifuta jasho, akacheka.

"Kapteni, huku panataka mtu mwembamba mwenye subira. Kazi kama hii watu huoa!" Kicheko kikamkatikia mdomoni. Aliitazama ile sehemu tupu ya meza, yenye alama nne. "Shemeji yako... mgongo umepoa?"

"Unaendelea."

"Mwezi wa pili sasa."

"Mgongo unachukua muda," alisema Kapteni.

Mpaka rangi aliirudisha spana mezani polepole, akasema ana rangi inakauka, akaenda zake. Kesho yake watu wa gatini hawakumuuliza tena habari za Fundi, na huko kutouliza kulimuuma kuliko maswali.

Alivaa shati la pasi, ingawa lilipigwa pasi na mtu asiyejua, akaenda.

Shemeji yake alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini. "Karibu, mgeni." Akamwelekeza kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufumwa, akamletea maji kwenye trei. Kapteni alikunywa maji huku amekaa wima. Chumba cha pili cherehani ilikuwa inakwenda, na mkono uliokuwa ukiikimbiza aliujua kwa mwendo wake. Ilisimama, ikaendelea mshono mmoja zaidi, ikasimama.

Fundi alitoka na tepu shingoni. Alikuwa amenawiri. Kapteni alikuwa amejiandaa kumkuta amekonda.

"Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Habari za majini?"

"Nzuri. Nimefungua nguzo zote. Na winchi. Nimechimba mpaka kwenye mbao nzima." Akaeleza matundu, chupa mbili, feni. Alieleza kwa urefu, kama anatoa ripoti karakana. Wanawake wawili wakamsikiliza. "Sasa zimebaki kukazwa. Nimejaribu peke yangu. Haiwezekani. Panataka watu wawili."

Shemeji aliweka mikono kiunoni. "Hebu nielewe. Umekuja kumfuata mke au umekuja kuazima spana?"

Kapteni alitazama glasi yake. Swali lilikuwa la haki. "Nimekuja kuomba," alisema.

"Kuomba nini?"

"Mdogo wangu, mwache," alisema Fundi. Akatoa tepu shingoni, akaikunja kidoleni. "Niliviacha vikopo vyangu. Uliviona?"

"Niliviona."

"Vyote?"

"Kumi na kimoja."

Akamwangalia kidogo. "Nitakuja Jumapili," alisema. "Nitavaa suruali."

Jumapili aliingia kabatini kama mtu anayerudi chumbani kwake. Alikuwa mwembamba bado, na alijua penye msumari wa kukwepa. Kapteni alipanda sitahani, akapiga magoti kwenye nguzo ya kwanza, akaibana boliti kwa bisibisi.

"Tayari?" alisema kupitia tundu.

"Tayari. Nishike?"

"Hapana. Zungusha wewe. Mimi ndiye ninayeshika."

Spana iligonga ubao huko chini. "Tangu lini?"

"Tangu nilipoambiwa dukani. Wa juu hazungushi. Akizungusha anaikata gundi."

"Ahaa," ilisema sauti kutoka tunduni. Haikuongeza neno, na Kapteni angefurahi kama ingeongeza. Nati ilianza kwenda. Aliusikia mkazo ukipanda kwenye bisibisi mpaka viganjani, na gundi ikajitokeza pembeni mwa kitako cha nguzo, ukingo mwembamba uliolingana pande zote. Hakuwahi kuiona ikitoka hivyo.

"Basi! Hapo hapo."

"Nimejua. Imebana."

Walikwenda hivyo asubuhi nzima. Hawakuonana. Aliona sitaha na vidole vyake, na mkewe aliona nati, ila sauti zilipita kwenye matundu ambayo bado hayajapata boliti. Na pengine kwa kuwa hawakuonana, maneno yalitoka.

"Zile tambi," Kapteni alisema kwenye nguzo ya tatu. "Kwa nini ulizishona pindo?"

"Kitambaa bila pindo huchanika."

"Ungeyaacha yadondoke tu. Nisikie."

"Ulikuwa unaamka saa kumi kwenda karakana za watu kutafuta vibarua. Nikasema ulale." Spana ikageuka. "Mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo. Baadaye nikawa nafanya tu, kama mtu anavyofunga mlango."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia."

"Ungeniambia kwa nguvu."

"Mzee, boliti inayofuata."

Akaiweka inayofuata.

Adhuhuri walikula mkate na mayai sitahani, miguu imening'inia, wakiangalia boti za watu. Fundi alitoa kipande cha gundi kwenye nywele za mumewe. Kapteni alikaa kimya kabisa mpaka kilipotoka, na hata kilipotoka alikaa vivyo hivyo kidogo.

"Alhamisi tunamalizia," alisema. "Mkazo wa mwisho. Na tunajaribu kwa maji."

"Alhamisi nitakuja."

Siku tatu zile alifanya mambo mengi. Alipiga vanishi meza, akazifuta zile alama nne. Alifua mapazia. Alinunua godoro jipya la upande wa mkewe, akalibeba kichwani kutoka barabarani, na watu wa gatini walipomwona walimpigia miluzi ya utani, naye akacheka nao, mara ya kwanza tangu Fundi aondoke. Mpaka rangi alimsaidia kuliingiza.

"Mgongo umepona?" aliuliza.

"Umepona," alisema Kapteni.

Alhamisi Fundi aliliona godoro, lakini alipita akaingia kabatini. Walikaza nati zote, robo mzunguko kila moja. Kisha Kapteni akachukua mpira wa maji, akafungulia kwa nguvu juu ya nguzo ya kwanza, dakika tano nzima. Fundi alikuwa chini na tochi.

"Je?"

"Kavu."

Ya pili. "Kavu." Kwenye ya tatu alizidisha, akahesabu dakika kumi, maji yakatiririka gatini, jirani akauliza kama anaoga.

"Je?"

Sauti ilichelewa. Kapteni alifunga mpira.

"Je, wewe?"

"Kavu, mzee. Nimepapasa kwa mkono. Kavu kabisa."

Walipomaliza zote alishuka ngazi haraka, goti limesahau kuuma. Fundi alikuwa amekaa kwenye godoro jipya, anajifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nailoni ya godoro ilikuwa haijatolewa bado, ikalia chini yake.

"Umenunua godoro."

"La zamani lilikuwa na uvundo."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kufuta kidole kimoja kimoja, mpaka kucha. "Nimepata chumba," alisema. "Cha mbele, kinatazama barabara. Kina mlango wa wateja na mahali pa kulala nyuma. Mwisho wa mwezi nahamia."

Kapteni alibaki amesimama. Ndani ya boti mtu mrefu hawezi kusimama wima, huinamisha kichwa, hivyo alionekana kama anayekubali.

"Hata ikiwa kavu?"

"Ningekuambia ingali inavuja, ungesema nimekimbia maji." Aliweka kitambaa chini. "Sikukimbia maji. Nilichoka kuwa mtu anayeyakinga."

"Nimekosea. Nakiri. Mbele yako nakiri."

"Najua. Nimeona kazi. Kazi nzuri, mzee, sijakuona ukifanya kazi hivi tangu karakana." Na kweli alimaanisha, uso wake ulikuwa mlaini. Hilo ndilo lililomkata maini Kapteni. Angegombezwa angekuwa na pa kushika.

"Basi tuiuze. Tukapange nyumba."

"Usiuze kitu kwa ajili yangu, halafu uje unikumbushe." Alisimama, akachukua mkoba wake. "Chumba changu hakina geti. Ukitaka kuja, njoo. Lakini kuja kuishi, hilo sijui. Niache nisijue kwanza."

Alimsindikiza hadi barabarani. Safari hii hakuwa na kitu cha kumbebea.

Mvua ilikuja wiki ya tatu baada ya hapo, Fundi ameshahamia; ilianza alfajiri, ikapiga sitaha kama watu wanamwaga kokoto. Kapteni alikaa kwenye godoro la mkewe, tochi mkononi, mbao za dari zote amezishusha. Alikagua nati moja moja. Ziling'aa. Saa nzima ilipita, kisha ya pili, na nje maji yakaanza kuruka juu ya gati. Ndani hapakudondoka kitu. Palikuwa pakavu na kimya, na alisikia kijiko kikigonga kikombe alichokuwa ameshika mwenyewe.

Alipiga simu. Ilipokelewa kwa kelele za cherehani.

"Haivuji," alisema. "Tangu alfajiri, na mvua yote hii."

"Vizuri sana. Nimefurahi." Mtu alikuwa akiongea nyuma, sauti ya mteja. "Mzee, nina watu hapa. Nitakupigia."

Alingoja mpaka saa sita. Hakumlaumu, watu wakiwa wengi simu husahauliwa. Akafunga mlango wa boti, akatoka na mvua ile ile, bila mwavuli, maana mwavuli wa boti ulikuwa wa mkewe na ulikwenda naye.

Chumba kilikuwa mtaa wa nne, mlango wa buluu, kibao kidogo: MSHONO WA AINA ZOTE. Ndani palikuwa na benchi, na watu wanne wamekaa na vifurushi mapajani. Kapteni alisimama kizingitini, maji yanamchuruzika kwenye mikono na kidevu, na kila mtu akasogeza kifurushi chake kisilowe.

"Mzee, kwa leo wamejaa," alisema kijana mmoja aliyeshika suruali.

Fundi aliinua kichwa. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio la meza mpya ya cherehani. Alimwangalia vile alivyolowa, akamwangalia na mteja aliyekuwa mbele yake, mwanamke mwenye pini mdomoni aliyesubiri mkono wa gauni lake umaliziwe.

"Ni mume wangu," alisema. "Mpisheni akae."

Wakabanana. Alimrushia taulo, akalidaka, akakaa mwisho wa benchi, nusu tako nje. Cherehani ikaendelea. Aliikausha shingo yake, akaukunja mkono wa shati, akautazama mguu wa mkewe ukipanda na kushuka, mgongo wake umenyooka, taa imemwangukia upande mmoja. Alikuwa anamwona mkewe kazini mchana kweupe, na hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa kumtazama hivyo.

Bibi aliyekuwa karibu naye, mwenye sare ya shule ya mjukuu, alimgeukia.

"Na wewe umeleta nini?"

Kapteni alitazama mikono yake. Gundi ilikuwa bado imo kwenye mistari ya viganja, haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

"Sikuleta kitu," alisema.

"Basi utakuwa wa mwisho."

"Si neno, mama. Nitangoja."